Nani Kazishusha Nyuzi Zangu

Wiki iliyopita niliwaacha kidole changu kikiwa juu ya piano, kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli, asubuhi, nikisubiri chai. Kidole kile kingebaki mfukoni, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Kwa aliyechelewa kuingia: mimi ni yule mwanamke aliyezunguka nchi na nchi na bendi ya roki, kazi yangu gitaa tu, mdomo nimefunga. Bendi ikavunjika, na ndoa nayo ikafuata. Hayo nimeshayasema na siyarudii, yananipandisha presha. Nikarudi nyumbani na binti mmoja na gitaa moja, nikafungua mdomo, nikaimba muziki wa soul.

Wimbo mmoja ukanitoa, ule wa "Nirudi kwa nani". Pale kwenye "nani" sauti inapanda mpaka watu wanashika vichwa. Inapanda mara mbili, na ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza. Ndipo wakaniita Kilele, na jina likanikaa kuliko lile alilonipa baba.

Haya, piano.

Nilitaka kujifurahisha tu. Nikaanza kuimba taratibu, pale pale ninapoimbia kila siku jukwaani, halafu nikaitafuta sauti ile kwenye piano. Niliipata, lakini si mahali pake. Ufunguo wa wimbo wangu naujua kama ninavyolijua jina la mama yangu, na koo langu lilikuwa limekaa chini yake.

Nikamwita dada wa mapokezi.

"Piano yenu imeharibika."

"Imetengenezwa juzi, mama. Tulikuwa na harusi."

"Basi aliyeitengeneza ni kiziwi."

"Inawezekana, mama," akasema, na kunipa lile tabasamu wanalopewa wageni wote.

Chai sikuinywa. Nikateremka stoo walikoweka vyombo vyetu.

Lazima niwaeleze jambo moja la kazi yetu. Zamani, kwenye roki, gitaa langu nililikaza nyuzi mwenyewe. Nililala nalo, na aliyeligusa tuligombana. Lakini ukishakuwa mkubwa, gitaa linaletwa. Unasimama gizani kando ya jukwaa, unanyoosha mkono, fundi analiweka mkononi likiwa tayari, unaingia kwenye mwanga. Unaona ndiyo heshima hiyo. Sikumbuki mara ya mwisho niliyoshika zile funguo za kukazia nyuzi.

Fundi wangu ni mdogo wangu, tumbo moja. Kama humwamini huyo, utamwamini nani?

Stoo hakuwapo. Kile kidude cha kupimia nyuzi kilikuwa mezani. Nikalitoa gitaa kwenye sanduku, nikakibana kichwani mwake, nikapiga uzi wa kwanza. Ulikuwa chini. Nikapiga wa pili, nikapiga zote. Nyuzi sita, zote zilikuwa zimeshushwa sauti nzima, ngazi moja kamili ya muziki, na zimepatana zenyewe kwa zenyewe vizuri kabisa. Aliyezishusha alijua anachofanya.

Halafu nikazitazama vizuri. Zilikuwa nene.

Vidole vilikuwa vimeniuma miezi kadhaa. Nilipolalamika, mdogo wangu aliniambia nyuzi nene zinavumilia safari. Sasa nikaelewa. Uzi mwembamba ukiulegeza unayumba, kidole kinajua papo hapo. Uzi mnene ukiulegeza unabaki mgumu vile vile. Alikuwa amevidanganya vidole vyangu kwanza, masikio yakafuata.

Akaingia, mzigo wa waya begani.

"Nani kazishusha nyuzi zangu?"

Akasimama mlangoni. "Zipi, dada?"

"Usinitie wazimu."

Akaushusha mzigo polepole, kama mtu anayetafuta pa kuuweka, na stoo nzima ilikuwa wazi.

"Kaa kwanza," akasema.

"Nimekaa vya kutosha. Mmenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na wewe ndiye uliyeishika chupa. Sema."

Akasema. Ilianza msimu wa mvua. Ile sauti ya juu nilikuwa naifikia kwa shida, mishipa ya shingo imenitoka. Siku moja nikashuka jukwaani nikasema kifua kinaniwaka. Basi akashusha nusu.

"Kesho yake uliimba vizuri, ukaja ukanichekea, ukasema umepona. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Wewe?"

Hapo alinikamata. Mimi si mtu wa kuambiwa. Mpiga kinanda aliyewahi kuniambia nimeruka ubeti alimaliza safari kwa miguu.

"Ulisema nusu," nikamwambia. "Hii ni sauti nzima."

"Nusu haikutosha, dada."

"Na bendi?"

"Wote tumeshusha. Haidhuru alisema ni kwa faida ya wote."

Haidhuru ndiye meneja wetu. Tunamwita hivyo kwa sababu hilo ndilo jibu lake. Gari limekufa njiani, haidhuru. Mpiga besi ana homa, haidhuru. Kumbe na mimi nilipokuwa naishiwa sauti, ilikuwa haidhuru.

Hasira zilinipanda, lakini kichwa kilikuwa kinatafuta pa kujishikilia. Nikapapata.

"Sawa," nikasema. "Angalau huko chini bado naifikia. Jana watu wamesimama kwenye viti."

Akaanza kukunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa.

"Jana niliifikia, au sikuifikia?"

"Dada, niache nimalize kazi."

"Niliisikia. Kwenye spika ya miguuni pangu, niliisikia."

"Uliisikia, ndiyo."

"Sasa ilikuwa ya nani?"

Akauinua uso. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na mdogo wangu hakulia hata tulipomzika mama.

"Ya yule anayesimama nyuma yako, kushoto."

Nyuma yangu kushoto anasimama mwanangu.

Waitikiaji wangu ni watatu, na yeye ndiye wa pembeni. Nilimfundisha mwenyewe, jikoni, akiwa bado anasimama juu ya kigoda ili aifikie sinki. Mimi naosha, yeye anafuta vyombo, tunaimba. Kila kona ya sauti yangu anaijua. Ndiyo maana ilipotoka kwenye ile spika sikushtuka. Niliipokea kama yangu, nikainama kwa watu, nikapokea makofi.

Nitasema ukweli, kwa kuwa nimeshajivua nguo mbele yenu wiki nyingi. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni hakikuwa huruma. Kilikuwa wivu. Huruma ilikuja nikiwa kwenye ngazi, napanda chumbani kwetu, nilipokumbuka kwamba mwanangu ana muda mrefu anaongea kwa kunong'ona.

Mimi nilidhani kapata mchumba. Nilimwona na simu pembeni, sauti chini, nikasema moyoni, mwache, naye apendwe.

Nilimkuta ameinamia bakuli la maji ya moto, taulo kichwani, anavuta mvuke.

"Mafua, mama," akanong'ona.

"Mafua gani hayo yasiyo na kamasi?"

Taulo likatulia.

"Mjomba wako kaniambia," nikasema. "Toka humo."

Akatoka. Uso umelowa, nywele zimemganda kwenye paji. Ana uso wa baba yake, Mungu amsamehe, lakini kidevu ni changu.

"Tangu lini?"

"Mwanzo nilikuwa nakusaidia pale mwisho wa neno tu, mama." Kila neno lilimkwaruza. "Halafu na mwanzo wa neno. Halafu neno zima."

"Na hukuona uniambie?"

"Ungeacha kuimba."

"Ningeacha, ndiyo."

"Sasa ungeishije?"

Akanishika mkono, mkono wake una moto wa mvuke.

"Sitaki wakucheke, mama. Wakikucheka wewe mimi siwezi kuvumilia. Mimi sauti ninayo, nitashindwaje kukupa?"

Sikilizeni maneno hayo vizuri. Niliyasikia na nikayapita haraka, kwa sababu nilikuwa natafuta viatu vyangu.

Nilimdanganya kwamba tunakwenda kunitazamisha mimi, anisindikize. Daktari wa koo alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono midogo. Akaniketisha, akanipitishia kamba nyembamba yenye kamera puani mpaka kooni, akaniambia nitazame kwenye kioo. Nikaliona koo langu. Baada ya kazi yote lililonifanyia, lilikuwa nyama mbili tu zilizopauka.

"Hakuna ugonjwa, mama," akasema. "Sauti imechoka. Umri. Huku chini itakutunza miaka mingi."

"Na ile ya juu?"

"Ile ya juu ishukuru, uiage."

Nikacheka, maana ningefanya nini. Kisha nikamwambia, "Mtazame na huyu."

Mwanangu akatikisa kichwa. Nikamkazia macho yale niliyomkazia utotoni alipokuwa anakataa dawa. Akakaa kwenye kiti.

Daktari akapitisha ile kamba. Akaisogeza kidogo, akaisogeza tena. Kwenye kioo upande mmoja ulikuwa mweupe, na upande wa pili ulikuwa mwekundu kama jicho lililopigwa.

Akavua glavu kabla ya kuongea. Mimi nimekula chumvi nyingi. Daktari akivua glavu kwanza ndipo aseme, jambo si dogo.

"Mshipa umepasukia ndani. Binti, kuanzia sasa hivi unanyamaza. Usinong'one pia, kunong'ona nako ni kazi. Ukinyamaza utapona kabisa, wewe bado kijana."

"Na asiponyamaza?" nikauliza.

"Akiongea kidogo atachelewa kupona. Akiimba kwa nguvu, pale patatengeneza kovu. Kovu halitoi sauti, mama."

"Akiimba mara ngapi?"

"Mara moja inatosha."

Mwanangu alikuwa ananitazama. Hakunong'ona. Akanyoosha kidole kuelekea dirishani, kule lilikokuwa jukwaa letu la mchana huo.

Sijawaambia hilo. Onyesho la mchana ule lilikuwa linarushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Lilikuwa onyesho tulilolingojea mwaka mzima, na tangazo lake lilikuwa na uso wangu, mdomo wazi, kwenye ile "nani".

"Leo ule wimbo hauimbwi," nikamwambia mwanangu. "Nimesema."

Haidhuru nilimkuta nyuma ya jukwaa anapanga viti vya wageni. Nilikwenda nimejiandaa kwa vita, kanga kiunoni. Mtu huyu hubishana nami hata rangi ya viatu. Nikamweleza yote, daktari, mshipa, kovu, nikamalizia kwamba wimbo unatoka kwenye orodha.

"Haidhuru, mama," akasema. "Wimbo utoke."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Mtoto ni mtoto. Muziki upo tu."

Akarudi kwenye viti vyake. Nikabaki nimesimama na hasira zangu zisizo na mtu. Ningekuwa na akili ningemwogopa hapo hapo.

Nikamtafuta mdogo wangu.

"Watu wataudai ule wimbo," akasema. "Unawajua. Hawatatuacha tushuke."

Hapo ndipo nilipopata wazo, na niliona ni wazo zuri kuliko yote niliyowahi kupata. Mimi si mpiga gitaa? Kabla ya kuwa Kilele sikuwa na kazi nyingine zaidi ya kupandisha gitaa mpaka lilie.

"Wakiudai, nitauimba," nikamwambia. "Beti naziweza. Nikifika kwenye 'nani' nafunga mdomo, gitaa linapanda. Mara ya kwanza na mara ya pili. Watu waone kwa macho yao kwamba sauti ile sina tena, na kwamba bado nipo."

Mdogo wangu akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hiyo nzuri, dada."

"Na nyuzi zirudi mahali pake. Bendi nzima. Hatudanganyi mtu tena."

Tabasamu likapungua. "Tubaki chini leo, tutapandisha siku nyingine. Beti zitakuchosha."

"Pandisha."

"Dada..."

"Mlinishusha bila kuniuliza. Sasa nakuambia mimi, na kwa sauti: pandisha."

Akaenda kuwaambia wenzake. Mimi nikakaa juu ya sanduku la spika, nikang'oa zile nyuzi nene moja moja, nikafunga nyembamba kwa mikono yangu mwenyewe. Nilijichoma kidole, damu ikatoka, nikafurahi. Nikazikaza mpaka ufunguo wa kweli, ule niliourekodia wimbo nikiwa kijana. Gitaa lilisikika kama limeamshwa usingizini.

"Na maiki ya mwanangu uitoe," nikamwambia mdogo wangu aliporudi. "Pale kushoto pabaki patupu."

"Nitaitoa."

"Apa."

"Haki ya mama yetu, dada, nitaitoa."

Nikarudi hotelini kumfungia mwanangu. Sikuwa na ufunguo wa kumfungia, kwa hiyo nilifanya nilichofanya alipokuwa na miaka kumi na sita na disko lilikuwa mtaa wa pili. Nilimchukulia viatu. Pea zake zote, nikazitia kwenye begi langu. Mwanamke mzima, amekaa kitandani ananitazama ninavyomwibia viatu, akacheka bila sauti mpaka mabega yakatikisika.

Kisha akainuka akanikumbatia. Alinikumbatia kwa muda mrefu, si kama mtu anayeachwa hotelini mpaka jioni. Nililiona hilo. Nikasema ni mapenzi tu.

Pale mapokezi nikamwambia yule dada, "Huyu wa chumbani kwangu asitoke. Akija mtu kumuulizia, mwambie kalala."

"Mtu yeyote, mama?"

"Yeyote."

Jua lilikuwa bado kali tulipopanda jukwaani. Uwanja umejaa, watu wamejifunika magazeti vichwani. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikunyoosha mkono gizani. Niliingia na gitaa langu begani.

Sijawahi kupiga vile. Nyuzi nyembamba zilinijibu hata nilichofikiria tu. Nyimbo za chini, zile nilizokuwa nazidharau, zilinitoka kwa utulivu, na nikamkumbuka daktari na miaka yangu mingi ya huku chini. Kila baada ya wimbo niligeuka kutazama kushoto. Patupu. Waitikiaji wawili, na nafasi ya mtu mmoja.

Niliona mambo mawili nikayapuuza. Kwanza, Haidhuru hakuwa mahali pake. Husimama pembeni kulia, karibu na ngazi, kila onyesho, mikono nyuma kama askari. Siku ile ngazi zilikuwa tupu.

Pili, alirudi. Alirudi anahema, jasho limemlowesha shati, funguo za gari zinaning'inia kidoleni. Aliponiona namtazama akanipungia kwa mkono wenye zile funguo.

Hapo watu wakaanza. "Kilele. Kilele. Kilele." Uwanja mzima, na kamera zimenigeukia.

Nikapiga moyo konde. Nikawapigia sauti za mwanzo, na kelele zikawa kubwa mpaka sikujisikia. Nikaimba ubeti wa kwanza. Mdogo wangu alisema kweli, ufunguo ule ulikuwa mrefu kwangu. Nilikuwa napanda kama mtu mzima anayepanda ngazi za ghorofa, mkono ukutani. Lakini nilipanda. Nikaimba ubeti wa pili.

"Nirudi kwa..."

Nikafunga mdomo. Kidole kikateleza shingoni mwa gitaa kwenda juu, nikaukamata uzi, nikauvuta.

Na kwenye spika ya miguuni pangu ikaja sauti.

Ilikuja juu ya gitaa langu, safi, imenyooka. Nilijua ni ya nani kabla haijamaliza herufi ya kwanza. Safari hii sikuidhania yangu.

Halafu nikakumbuka nyuzi.

Mwanangu hakuwapo tulipozipandisha. Yeye alikuwa anaijua ile "nani" ya chini, ile ile iliyompasua mshipa. Aliirukia pale alipoizoea, akaikuta si pale. Sauti nzima juu zaidi. Mimi ndiye niliyeipeleka huko, kwa mikono yangu, nikijisifu kwamba hatudanganyi mtu. Nilimsikia akisita kidogo sana, kiasi ambacho ni mama tu angekisikia, kisha akaifuata huko huko juu, akaishika, akaishikilia.

Uwanja ukasimama. Walilia, wengine walirusha yale magazeti yao hewani. Hawajapata kuisikia safi vile huko juu tangu nilipokuwa na umri wake.

Nikageuka.

Alikuwa amesimama pale kushoto, jua linampiga usoni, amevaa kandambili zangu nilizoziacha chini ya kitanda. Viatu vyangu mwenyewe sikuwa nimevificha. Maiki ilikuwa mkononi mwake, ile niliyoapiwa kwa mama yetu kwamba itatolewa, na taa yake ndogo ya kijani ilikuwa inawaka. Nikamtafuta mdogo wangu pembeni mwa jukwaa. Alikuwa ameinama, anatazama waya zake.

Mwanangu alinitabasamia. Midomo yake ikasema "mama". Niliiona ikisema. Maiki ilikuwa mdomoni mwake, inawaka, na spika iko miguuni pangu.

Hakikutoka kitu.

Sijui kama mwenyewe alikuwa ameshajua kwamba sauti imemkatika. Nadhani alidhani ni kelele za watu. Nikaziwekea nyuzi kiganja, gitaa likanyamaza, nikainua mkono kuisimamisha bendi. Wapigaji wangu wakanichekea, wakaona ni mbwembwe za mkongwe. Mpiga dramu ananitazama mgongo, hakuona chochote. Akazungusha ngoma zake, kama anavyozungusha siku zote, kuturudisha kwenye kiitikio.

Kule kwenye ngazi Haidhuru alikuwa anachora duara hewani kwa kidole chenye funguo. Endelea. Endelea.

Nikalivua gitaa, nikaanza kumkimbilia. Jukwaa lile lilikuwa pana. Mwanangu alifumba macho, akainua maiki, akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa.

Na ya pili, niliwaambia tangu mwanzo, ndiyo ndefu.